Wenye mihuri mtanisamehe: nilivyotafsiri mapenzi ya fundi Mtaliano hapa Juba

Dhup.

Wakuu, mlio huo bado ninao masikioni. Ni mhuri wa mpira ukigonga karatasi juu ya meza ya plastiki, uani kwa watu, Nyakuron, alasiri yenye jua la kupasua mawe. Dhup. Jamaa anafunua ukurasa mwingine, anaupulizia mhuri pumzi kama mtu anayefuta miwani. Dhup tena. Mara kumi na mbili.

Habari zenu nyote. Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa nadra. Leo nina kisa changu mwenyewe na nitakisema chote, hata pale kinaponiumbua. Asiyeniamini asome tu huku akipoza chai yake, sitamdai kitu.

Najua humu mna wenye digrii za lugha. Karibuni mkae viti vya mbele, kisa hiki kinawahusu.

Mimi ni binti wa Malindi. Shule niliishia kidato cha pili, sababu mnazijua, hazitofautiani na za wengine.

Kwetu Malindi Kiitaliano hakisomwi darasani, kinaokotwa barabarani. Wauza vinyago wanacho, wenye tuktuk wanacho, hata mama muuza maembe atakutukana kwa Kiitaliano safi ukimshusha bei kupita kiasi. Mimi nilikipata dirishani kwenye duka la aiskrimu. Miaka minne nawahudumia wazee wa Kitaliano wanaogombana na wake zao huku wameshikana mikono. Niliwasikiliza sana wale. Nikajua wanasema nini wakikasirika, wanasema nini wakipatana, na wanasema nini mmoja wao akiumwa.

Juba nina mwaka wa tatu sasa. Niko idara ya dobi, hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat. Mashuka, taulo, pasi.

Na nina ndoto, msicheke. Nataka siku moja niwe na chumba kidogo chenye kibao nje: TAFSIRI ZA MAPENZI. Barua, meseji, sauti. Mteja anaingia na simu, anatoka akijua ameambiwa nini.

Msidhani kazi hakuna. Amarat hapa kila taifa linalala. Msusi wetu wa Kiganda, Nakato, aliandikiwa na mpenzi wake wa Kikongo maneno ya Kifaransa, simu ikamtafsiria kwamba yeye ni kabichi dogo. Akanijia na kitana mkononi.

"Dada, huyu nasema mimi iko kabichi?"

Kifaransa mimi nakichungulia tu, ikabidi nimwite mhudumu mmoja wa Goma atusaidie. Akasema kwao ukimwita mtu hivyo umemwona wa kupakatwa. Nakato akasema, "Basi na mimi namwita muhogo." Wako pamoja hadi leo.

Turudi kwenye mada.

Poni ni rafiki yangu, wa jikoni hoteli hiyo hiyo. Mwenyeji wa Juba, ila alikulia Nairobi, kwa hiyo tukikutana ni Kiswahili na sheng kidogo na kicheko kingi.

Renzo ni fundi wa mashine za kuchimba visima. Mtaliano, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mikono kama koleo. Alifikia hotelini kwetu, akala chakula cha Poni wiki tatu, kisha kampuni ikamhamishia kwenye yadi yao Nesitu. Kiingereza chake ni cha spana na boliti. Akitaka kusema jambo la moyoni anarudi kwenye Kiitaliano chake, anarekodi sauti, anatuma.

Poni anasikiliza, haelewi, anashuka dobi kwangu. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Sasa, kwa nini tafsiri hizo niliziandika, tena kwa Kiingereza, na sisi tunaongea Kiswahili? Kwa sababu ya nyumba ya kina Poni.

Dada mkubwa wa Poni alichukuliwa na mgeni mwenye maneno matamu. Mgeni akaondoka, dada akabaki na maneno. Tangu siku hiyo baba yao mkubwa, Mzee Lado, aliweka sheria: mgeni akitaka binti wa pale, maneno yake yote aliyomwambia binti yaletwe mezani yasomwe mbele ya wazee. Kwa Kiingereza, lugha wanayosoma wote. Wakiona ni ya mtu, mazungumzo ya mahari yanaanza. Wakiona ni ya mdomo tu, khalas, yameisha, mgeni anapewa maji ya kunywa na njia.

Poni alilijua hilo tangu mwanzo. Akaninunulia daftari.

Wakuu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Kiingereza ni lugha nzuri, lakini kwenye mapenzi ina mlango mmoja. Mtaliano ana *ti amo*, ana *ti voglio bene*, ana *ti adoro*, na kila moja ina siku yake na mtu wake. Ukizipeleka Kiingereza zote zinapita pale pale, I love you, zinatokea upande wa pili zimevaa sare.

Nikajiuliza nifanyeje. Nikachora safu tatu.

Ya kwanza: alichosema. Ya pili: Kiingereza chake, nilivyoweza. Ya tatu: siku hiyo kulikuwa na nini.

Safu ya tatu ndiyo niliyoipenda. Kwenye duka la aiskrimu nilijifunza kwamba neno lile lile la mapenzi ni zito au jepesi kutegemea mtu alikuwa anafanya nini alipolisema. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa chaki.

Miezi minane niliandika hivyo. Kwa uaminifu, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo ilikuwa mchana wa mvua, umeme umekatika, mashine zimesimama. Wenzake wa jikoni walikuwa wamemtania Poni kwamba khawaja wake, yaani mzungu wake, kandarasi ikiisha atapanda ndege bila hata kuaga. Alikuja akakaa juu ya lundo la mashuka machafu akalia kama mtoto. Simu yake haikuwa na chaji, kwa hiyo Renzo alituma sauti kwenye simu yangu.

Alisema hivi: *Non lo so se resto, Poni. Finito il lavoro, non lo so. Ti penso.*

Yaani: sijui kama nitabaki. Kazi ikiisha, sijui. Nakuwaza.

Nilimtazama Poni. Mafua, macho mekundu, aproni ina unga. Nikaandika kwenye safu ya pili: I will stay in Juba. I will grow old here with you.

Nikamsomea. Akanyamaza kulia. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena.

Safu ya tatu niliiacha wazi. Sikuwa na cha kuandika.

Miezi miwili baadaye Renzo alimwuliza kama atakubali kuolewa naye, na Poni akasema ndiyo. Wazee wakaita kikao.

Kumbe Mzee Lado alifanya kazi ofisini miaka mingi, na kwake karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Daftari la mtu wa dobi hakulitaka. Alichukua sauti kumi na mbili kutoka simu ya Poni, akampelekea bwana mmoja mwenye kibanda cha tafsiri, laptop na tai. Jina lake silitaji, humu namwita Bwana Mhuri. Ndipo tukafika kwenye ule ua niliowaanzia nao.

Wanaume kwenye viti. Wanawake kwenye mkeka nyuma, na mimi nimealikwa kama rafiki wa binti, nipo mkekani. Desturi yao pale mwanamke akiwa na neno anamnong'oneza shangazi, shangazi ndiye anayelifikisha. Renzo kakaa kiti cha peke yake, shati jeupe limepigwa pasi. Pasi yangu hiyo.

Bwana Mhuri akagonga kurasa zake zote, kisha akasoma.

I love you, my dear.

I miss you, my dear.

I love you.

I love you very much, my dear.

Wakuu, kumi na mbili zote hivyo. Zilikuwa kama mtu anayehesabu matofali.

Mzee Lado akavua miwani. Aliwahi kuishi Uganda kwa muda mrefu, Kiswahili chake ni cha huko.

"Hii mutu iko na maneno moja tu," akasema. "Kumi na mbili mara, maneno moja. Hata ile ingine ilichukua mutoto yetu ilisema hii hii."

Nilimwona Poni akiinamisha kichwa. Renzo haelewi kitu, anatabasamu tu kwa adabu.

Nikamnong'oneza shangazi: mwambie mzee siyo hivyo alivyosema. Shangazi akanibana goti. Nikarudia. Akanibana tena, safari hii kwa kucha.

Nikasimama.

Shangazi alinivuta gauni mpaka nikasikia uzi ukikatika. Sikukaa.

"Mzee, shikamoo. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea Poni hizi sauti tangu mwanzo. Huyu mtu hakusema kitu kimoja mara kumi na mbili. Amesomwa vibaya."

Bwana Mhuri akageuka na kiti chake chote. "Wewe umesomea wapi lugha?"

"Dukani. Kwenye aiskrimu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndivyo ilivyokuwa.

"Sasa mzee," Bwana Mhuri akamwambia Mzee Lado, "huyu ni dobi. Arudi kwenye mashuka."

"Mashuka nitayarudia kesho saa moja," nikamwambia. "Leo niko hapa."

Mzee Lado alinitazama. Kisha akasema, "Soma. Mimi iko nasikia."

Nikafungua daftari. Nikasoma safu ya kwanza, ya pili, na kila nilipomaliza mzee akauliza swali moja, lile lile nililojiuliza mimi.

"Na ile siku ilikuwa nini?"

*Hai mangiato?* Umekula? Siku hiyo Poni alikuwa na malaria siku ya tatu, barabara ya Nesitu imekatika kwa mvua, na Renzo aliuliza swali hilo mara sita kutwa.

"Hiyo sio ya mapenzi," akadakia Bwana Mhuri. "Nilikutana nayo nikaiacha."

"Wewe ukiumwa nani anakuuliza?" Shangazi huyo, kutoka mkekani, bila kumtumia mtu yeyote. Hapo nikajua nimepata mtu wa upande wangu.

*Ti voglio bene.* Niliandika: I want good things for you. Siku hiyo Poni aligombana na mpishi mkuu akataka kuacha kazi, na Renzo hakumwambia aache wala abaki. Alimwambia hilo tu.

*Mi manchi.* Hapa niliandika: You are missing from me. Siku hiyo Renzo alikuwa chini ya mashine anatafuta nati iliyoanguka. Kwenye ile sauti unasikia vyuma vinagongana, unamsikia anapapasa, kisha anasimama na kulisema.

"Kiingereza gani hicho?" Bwana Mhuri. "Kimevunjika."

"Ndiyo kimevunjika," nikamwambia. "Na yeye alivunjika pale pale. Ukikinyoosha humwoni tena."

Mzee Lado akaguna. Akamtazama Renzo mikono, akarudi kwangu.

Wakuu, nilikuwa nashinda. Niliona kabisa. Na hapo Poni akainua kichwa, uso wote unang'aa, akanipa lile pigo ambalo hata hakujua ni pigo.

"Msomee ile ya mvua," akasema. "Ile ya kubaki Juba. Hiyo haikuwa kwenye simu yangu."

Nilifungua ukurasa. Nikausoma ule mstari, kwa sababu mdomo ulishafunguka. I will stay in Juba. I will grow old here with you.

 Mzee mmoja akasema *tamam*, yaani safi. Hilo la kubaki ndilo neno walilokuwa wanalisubiri, mnaelewa, la mtu asiyeondoka.

Mzee Lado akaegemea mbele. "Na ile siku ilikuwa nini?"

Safu ya tatu nyeupe.

Ningeweza kutunga. Nina akili ya kutunga, mmeshaona. Ningesema siku hiyo alikuwa juu ya kisima anatazama mlima. Nani angejua? Sauti ilikuwa kwenye simu yangu peke yangu.

Lakini nilikuwa nimesimama pale kwa sababu nimewaambia watu wazima kwamba Renzo amesomwa vibaya.

"Mzee," nikasema, "hii sio yake. Hii ni yangu. Niliitunga mimi."

Sitaki kuwaeleza uso wa Poni. Niruhusuni niuruke.

Nikatoa simu, nikaifungulia ile sauti, nikaitafsiri neno kwa neno. Sijui kama nitabaki. Kazi ikiisha, sijui. Nakuwaza. Mzee akauliza kwa nini nilibadilisha, nikamjibu ukweli: alikuwa analia.

Bwana Mhuri akapiga makofi mawili, taratibu. "Si niliwaambia? Dobi."

Mzee Lado hakumjali. Aliniambia nimwulize Renzo, hapo hapo, kwa lugha yake: kazi ikiisha utabaki?

Nilimwuliza. Na nilimweleza nilichofanya, maana hata yeye alikuwa hajui. Alinitazama bila hasira, kama anayeangalia mashine mpya. Akafikiri muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema, na mimi nikatafsiri bila kuongeza hata chumvi:

"Bado sijui. Kazi ikiisha nitatafuta nyingine hapa. Nikikosa, yeye ndiye mtu wa kwanza nitakayemwuliza twende wapi."

Mzee Lado mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Hii mutu hata kudanganya haiwezi," akasema. Kisha akamgeukia Bwana Mhuri. "Na wewe, kwa karatasi yako umekosea wapi?"

"Hakuna kosa, mzee."

"Huyu musichana amesema kosa yake mbele ya watu. Sasa hizi zingine mimi naamini."

Uamuzi wao ulikuwa huu: jibu la Poni limefutwa, kwa kuwa alilijibu neno lisilosemwa. Ajibu upya, akiwa tayari. Daftari likasomwe lote. Mhuri ulipwe nauli uende nyumbani.

Msidhani mambo yaliishia kwa vigelegele. Poni hakuniongelesha siku kumi na tisa. Anashuka kuchukua aproni, anaziokota, anaondoka. Nilimwomba msamaha mara tatu, akanijibu mara moja: "Ulinisomea mara mbili. Nilikuomba urudie, na ukarudia."  

Bwana Mhuri naye akazungusha habari Amarat nzima kwamba mtafsiri wa dobi ni mwongo aliyejitangaza mwenyewe. Meneja akaniita akaniambia niache mchezo huo, niangalie taulo. Nikamwambia taulo naziangalia, na mchana wangu wa mapumziko ni wangu.

Siku ya ishirini Poni alishuka. Hakusalimia. Aliweka simu juu ya meza ya kupigia pasi, na daftari jipya.

"Andika yote," akasema. "Na kama ni sijui, andika sijui."

Alishamjibu Renzo, kumbe, bila mtafsiri. Alipanda gari hadi Nesitu, akamwambia kwa Kiarabu cha Juba alichokuwa amemfundisha mwenyewe, na Renzo akamjibu kwa hicho hicho, kibovu hivyo hivyo. Amekubali. Amelikubali lile *sijui* lake na kila kilichomo. Wazee wameanza kuongea na watu wa upande wa Renzo kwa simu, na anayetafsiri, mtasema nini, ni mimi.

Nilichojifunza, wakuu.

Nilikosea. Sio kosa dogo, nilimpa rafiki yangu mume wa karatasi. Huruma yangu iliona machozi tu, haikumwona yeye kama mtu mzima anayeweza kusikia neno gumu akaamua mwenyewe. Hilo nalibeba.

Lakini sitabeba la Bwana Mhuri. Yeye hakutunga hata neno moja, na bado mtu aliyemsoma alitoweka mzima mzima, mikono na nati na malaria. Akagonga mhuri juu yake. Nani kati yetu alidanganya zaidi, mtaniambia nyinyi. Mimi sina cheti na huenda nisipate. Lugha niliipata kwa watu waliokuwa wanapendana mbele ya macho yangu, na sitaomba ruhusa ya kuitumia. Kibao changu nitakipaka rangi hata kama ni mlangoni mwa chumba cha kupanga.

Basi, mniambie. Mliowahi kutafsiriwa mapenzi, au kumtafsiria mwenzio: uliongeza? Ulipunguza? Ungekuwa wewe na ile safu nyeupe mbele ya mzee, ungesema nini? Wenye digrii pia waandike, nitasoma yote, hata ya matusi, mradi yawe na siku yake.

Leo mchana, kabla ya kuandika uzi huu, nilibaki dobi peke yangu, wenzangu wamekwenda kula. Nilitoa lile daftari la zamani nikafungua ukurasa wa mvua. Sikuuchana. Nilipiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno yangu, bado yasomeke, na chini yake nikaandika ya kwake: I don't know.

Kisha nikaijaza safu ya tatu. Siku hiyo Poni alikuwa analia, na mimi nikaogopa.

Nikaupulizia wino pumzi mpaka ukakauka, nikawasha pasi.